Dakika 45 Kati ya Mendoza na Rosario

Jumatano ya Juni 21, 1978, saa 10:45 jioni, Brazil na Poland walianza mpira mjini Mendoza, magharibi mwa Argentina. Filimbi ya mwisho ilipolia yapata saa 12:30, Brazil walikuwa wameshinda 3-1. Argentina na Peru, waliokuwa katika kundi hilohilo, bado hawajagusa mpira. Mechi yao ilipangiwa saa 1:15 usiku mjini Rosario. Katikati hapo kuna dakika 45, na yeyote anayetaka kuelewa jinsi utawala wa kijeshi unavyoendesha Kombe la Dunia aanze kuzitazama dakika hizo.

Tupige hesabu kama walivyoipiga wao. Mashindano yale hayakuwa na nusu fainali. Timu 8 za raundi ya pili ziligawanywa katika makundi mawili, na kinara wa kila kundi alikwenda moja kwa moja fainali. Ushindi ulikuwa pointi 2. Brazil walimaliza na pointi 5, wamefunga mabao 6 na kufungwa 1. Argentina walikuwa na pointi 3, baada ya kuifunga Poland 2-0 na kutoka sare tasa na Brazil. Ushindi wowote dhidi ya Peru ungewafikisha pointi 5, kisha yangeangaliwa mabao. Wakishinda kwa tofauti ya mabao 3 wangelingana na Brazil, na hapo ingebidi kuhesabu nani amefunga mengi zaidi. Wakishinda kwa mabao 4, ubishi umekwisha. Kwa hiyo Argentina waliingia uwanjani wakijua deni lao hadi bao la mwisho. Bao la nne lilipatikana dakika ya 50. Mechi iliisha 6-0.

Tangu usiku ule watu wanauliza kama Peru waliuza mechi. Wanakumbusha kwamba kipa wa Peru, Ramón Quiroga, alizaliwa Rosario kwenyewe. Mwaka 1986 gazeti moja la Uingereza liliandika kwamba serikali ya Argentina iliipa Peru tani 35,000 za nafaka na mkopo wa dola milioni 50. Mwaka 2012 aliyekuwa seneta wa Peru, Genaro Ledesma, alimweleza hakimu wa Buenos Aires kwamba matokeo yale yalikuwa sehemu ya makubaliano kati ya serikali mbili za kijeshi, kuhusu wapinzani 13 wa Peru waliopelekwa Argentina wakiwa mateka. Upande wa pili nao una ya kusema: Peru walikuwa wameshaaga mashindano bila pointi hata moja katika raundi ile, wachezaji wao wengi wamekana, na mwanzoni mwa mechi, ikiwa bado 0-0, shuti lao moja liligonga mlingoti wa goli. Hakuna mahakama iliyothibitisha kwamba mechi iliuzwa.

Mjadala umekwama hapo kwa karibu miaka 50, na umekwama mahali pabaya. Kila anayeingia kwenye habari za Argentina 1978 hukimbilia tuhuma isiyothibitika na kuyaacha yaliyo wazi, yaliyochapishwa, yaliyopigwa mhuri. Ratiba ile haikuwa siri. Mechi zote 6 za Argentina kabla ya fainali zilianza saa 1:15 usiku, na katika raundi ya pili wapinzani wao wa kundi walitangulia kucheza kila mara. Siku ileile ya Juni 21, mechi mbili za mwisho za kundi jingine, Uholanzi na Italia, Austria na Ujerumani Magharibi, zilichezwa kwa wakati mmoja. Waandaaji walijua vizuri namna ya kuzuia timu isicheze huku ikijua matokeo ya wenzake. Walilifanya hilo kwa wageni, hawakulifanya kwa mwenyeji. Brazil walilalamika, hawakusikilizwa.

Na jambo jingine lisilohitaji shahidi wa siri: wachezaji kadhaa wa Peru wamesimulia kwamba kabla ya mechi Jenerali Jorge Rafael Videla aliingia katika chumba chao cha kubadilishia nguo akiwa pamoja na Henry Kissinger, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Hata kama alisema maneno ya heri tu, mkuu wa nchi aliyetwaa madaraka kwa bunduki hana kazi katika chumba cha timu ngeni kabla ya mechi inayoihusu timu yake. Kamishna wa mechi makini angemzuia mlangoni. Nani angemzuia Videla?

Jibu la swali hilo linaanzia nyuma sana. FIFA iliipa Argentina uenyeji katika mkutano wake wa London, Julai 6, 1966. Siku 8 kabla ya hapo, Juni 28, Jenerali Juan Carlos Onganía alikuwa ameipindua serikali ya kiraia mjini Buenos Aires. Haikusumbua mtu. Uenyeji ulitolewa miaka 12 kabla ya mashindano, na wakati huo utaratibu haukuuliza nchi itakuwa mikononi mwa nani siku ya kufungua milango. Mapinduzi yaliyofuata, ya Machi 24, 1976, yaliwakuta Argentina wakiwa na haki ya uenyeji tayari mfukoni.

Siku ileile ya mapinduzi inatuonyesha wanajeshi walithamini nini. Redio na televisheni zilikatiwa vipindi vyake vya kawaida, zikabaki na matangazo ya kijeshi na muziki wa gwaride. Tangazo namba 23 lilitoa ruhusa moja: mechi ya kirafiki ya timu ya taifa dhidi ya Poland, iliyokuwa ikichezwa Chorzów, irushwe hewani kama ilivyopangwa. Argentina walishinda 2-1. Bunge lilikuwa limefungwa, vyama vimesimamishwa, watu wanachukuliwa majumbani, na mpira uko hewani.

Wakaunda chombo maalumu, Ente Autárquico Mundial 78, kwa kifupi EAM, chenye mamlaka yake na mfuko wake. Mkuu wake wa kwanza, Jenerali Omar Actis, aliuawa kwa risasi Agosti 19, 1976, siku aliyotakiwa kuzungumza na waandishi wa habari kuhusu mipango ya mashindano. Serikali iliwalaumu waasi wa msituni, wengine wakalinyooshea kidole jeshi la wanamaji, na muuaji hajathibitishwa hadi leo. Kiti kilikwenda kwa Jenerali Antonio Merlo, lakini aliyeshika usukani ni makamu wake, Carlos Alberto Lacoste, afisa wa jeshi la wanamaji na mtu wa karibu wa Admirali Emilio Massera. Mwaka 1977 amri ya serikali iliiruhusu EAM kutotangaza shughuli na matumizi yake.

Hapa ndipo penye uzito kuliko nafaka za Peru. Ukitaka kujua nani anamiliki mashindano, usitazame nembo, tazama nani anasaini hundi na nani anakagua. Argentina ilijenga viwanja vipya 3, Córdoba, Mendoza na Mar del Plata, ikakarabati vingine 3, viwili Buenos Aires na kimoja Rosario. Ikapanua viwanja vya ndege na mawasiliano ya simu. Ikajenga kituo kikubwa cha televisheni ya rangi mjini Buenos Aires ili dunia nzima ione nyasi za kijani na jezi za bluu na nyeupe. Wananchi wenyewe walitazama picha za nyeusi na nyeupe, kwa kuwa matangazo ya rangi nchini humo yalianza Mei 1980. Gharama rasmi zilivuka dola milioni 500. Juan Alemann, aliyesimamia hazina ya taifa katika serikali hiyohiyo, alisema waziwazi kwamba fedha zinamwagwa. Usiku wa mechi ya Peru, wakati mabao yakiingia Rosario, bomu lililipuka nyumbani kwake.

Fedha hizo hazikulipia viwanja peke yake. Kampuni ya uhusiano wa umma ya Marekani, Burson-Marsteller, iliajiriwa kusafisha sura ya utawala huko nje. Ndani ya nchi kazi ya kusafisha ilifanywa kwa matingatinga. Buenos Aires, chini ya meya wa kijeshi Brigedia Osvaldo Cacciatore, ilibomoa mtaa wa mabanda wa Bajo Belgrano, usio mbali na uwanja wa River Plate, na wakazi wakatawanywa. Rosario walijenga ukuta kando ya barabara ya kuingia mjini na kuuchora sura za nyumba nzuri, ili mgeni apite bila kuona vibanda vilivyo nyuma yake.

Magazeti yalipewa agizo la kutoikosoa timu ya taifa ya kocha César Luis Menotti. Jarida kubwa la michezo la nchi, El Gráfico, lilichapisha barua iliyodaiwa kuandikwa na nahodha wa Uholanzi Ruud Krol kwa binti yake, ikisema Argentina ni nchi ya upendo na kwamba bunduki za askari zinatoa maua. Krol alikanusha kuiandika.

Sasa tufike barabara ya Avenida del Libertador, mjini Buenos Aires. Shule ya ufundi ya jeshi la wanamaji, ESMA, iko yapata kilomita moja kutoka uwanja wa Monumental wa River Plate, ulikochezwa ufunguzi na fainali. Ndani ya jengo la maafisa, kwenye dari, walilazwa wafungwa waliofunikwa vichwa kwa vitambaa na kufungwa minyororo miguuni. Watu takriban 5,000 walipitishwa mle katika miaka ya utawala ule, na walionusurika ni wachache mno. Wengi walichomwa sindano za usingizi, wakapakiwa kwenye ndege na kutupwa baharini wakiwa hai. Walionusurika wameeleza jinsi walivyosikia vifijo vya mabao kutoka uwanjani. Baadhi yao walilazimishwa kufanya kazi humo humo, kutafsiri na kufupisha habari za magazeti ya nje kuhusu Argentina. Mmoja alipelekwa na watekaji wake kwenye mkutano wa kocha na waandishi wa habari, na kinasa sauti mkononi, kama mwandishi huru. Usiku timu iliposhinda, walinzi waliwapakia baadhi ya wafungwa kwenye magari na kuwapitisha katikati ya umati unaoshangilia. Mwanamke mmoja aliruhusiwa kutoa kichwa kwenye tundu la paa la gari. Alielewa pale pale kwamba akipiga kelele kuwa ametekwa, katika shangwe ile hakuna atakayejali.

Watu husimulia ukaribu wa ESMA na uwanja kana kwamba ni bahati mbaya ya ramani. Tuuweke kwenye muundo wa utawala. Jeshi la wanamaji ndilo lililoendesha ESMA, na jeshi hilohilo, kupitia Lacoste, ndilo lililoshika mfuko wa mashindano. Massera ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo. Waliomsikia Videla akihubiri amani uwanjani siku ya ufunguzi, Juni 1, huku njiwa wakirushwa, walikuwa wakimsikiliza mkuu wa serikali ambayo tume ya taifa ya mwaka 1984 ilikuja kuorodhesha watu 8,961 waliopotezwa wakati wake, na mashirika ya haki za binadamu yanasema walifika 30,000.

Je, dunia ingesusia? Ufaransa kulikuwa na kamati ya kususia, COBA, yenye matawi zaidi ya 200 nchini humo. Hakuna timu iliyojitoa. Nyota wa Uholanzi, Johan Cruyff, hakwenda, na kwa miaka mingi watu walimpamba kwa sababu za kisiasa, mpaka mwenyewe alipoeleza mwaka 2008 kwamba familia yake ilivamiwa na wenye silaha nyumbani kwao Barcelona na hakuwa tayari kuiacha. Amnesty International walichukua njia nyingine: nendeni, lakini semeni mnachokiona. Hoja hii ya pili nadhani ilizaa zaidi, kwa sababu moja inayoshikika. Juni 1 ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku ambayo Mama wa Plaza de Mayo, wenye vitambaa vyeupe vichwani, walizunguka uwanja ulio mbele ya ikulu wakidai watoto wao. Miezi 6 kabla, Desemba 1977, wanajeshi walikuwa wamemteka mwanzilishi wao, Azucena Villaflor, pamoja na masista wawili wa Kifaransa. Hawakurudi. Wenzake waliendelea kwenda. Wanahabari wa Uholanzi waliokuja kutangaza mpira waliwafuata uwanjani hapo na kamera, na mama mmoja akawaambia kwa machozi kwamba wao ndio tumaini lao la mwisho. Picha zile zilitoka. Susio kamili lisingepeleka kamera pale.

Lakini tusijidanganye kwamba kamera moja ilizidi nguvu kamera za EAM. Mwaka uliofuata mbinu ilirudiwa. Septemba 1979 tume ya haki za binadamu ya nchi za Amerika ilifika Buenos Aires kupokea malalamiko, na jamaa za waliopotezwa wakapanga foleni ndefu katika barabara ya Avenida de Mayo. Septemba 7, vijana wa Argentina wakiongozwa na Diego Maradona waliifunga Umoja wa Kisovieti 3-1 na kutwaa ubingwa wa dunia wa vijana huko Japani. Mtangazaji maarufu José María Muñoz aliwahimiza mashabiki redioni waende Avenida de Mayo kuwaonyesha wageni wa tume sura halisi ya Argentina. Foleni ya waliolia na msafara wa wanaoshangilia vilikutana barabara moja. Unapoona utawala unahamisha mashabiki kutoka sehemu moja ya mji kwenda nyingine kwa kipaza sauti, hapo mpira umeshageuzwa kikosi.

Afrika nayo ina mfano wa mwaka huohuo. Machi 1978 Ghana, chini ya Jenerali Ignatius Acheampong, iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika fainali mjini Accra waliifunga Uganda, iliyokuwa chini ya Idi Amin, 2-0, mabao yote ya Opoku Afriyie. Kwa Waganda ile ndiyo fainali yao pekee hadi leo, na kizazi cha Philip Omondi kinastahili kukumbukwa kwa soka lake, si kwa aliyekuwa ikulu Kampala. Ghana ilikuwa imechukua kombe kwa mara ya tatu, hivyo likawa lao moja kwa moja. Siku chache baadaye, Machi 30, Acheampong alipeleka wananchi kwenye kura ya maoni kuhusu serikali ya umoja isiyo na vyama, ambayo ingelibakiza jeshi madarakani. Ilitangazwa kwamba kura ya ndiyo imeshinda, wachache wakaamini. Julai 5 maafisa wenzake walimng'oa, na mwaka uliofuata alipigwa risasi. Kombe lilikuwa bado kabatini.

Kwa nini kombe halikumsaidia Acheampong hata miezi minne? Bei za vyakula zilikuwa hazishikiki, na tangu mwaka 1977 wanafunzi na wanataaluma walikuwa wamesimama dhidi yake. Hakuwa na mashine iliyokuwa Buenos Aires: chombo chenye mfuko wa siri, kituo cha televisheni, magazeti yaliyotiwa adabu. Alikuwa na ushindi tu, na ushindi wa uwanjani unachakaa haraka. Hata mashine ya Argentina haikununua umri mrefu. Juni 13, 1982 mabingwa watetezi walifungwa 1-0 na Ubelgiji katika ufunguzi wa Kombe la Dunia la Hispania, na kesho yake majeshi yao yalisalimu amri kwa Waingereza katika visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza huviita Falkland.

Kuhusu wachezaji, niseme wazi: kumbebesha Mario Kempes dhambi za Massera ni uonevu. Alifunga mabao 6, mawili katika fainali waliyoishinda Uholanzi 3-1 katika muda wa nyongeza, baada ya shuti la Mholanzi Rob Rensenbrink kugonga mlingoti wa goli dakika ya 90. Menotti alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, na alisema timu inachezea watu walioko majukwaani. Mwaka 2008, miaka 30 baadaye, Leopoldo Luque, René Houseman na Ricardo Villa walirudi Monumental kwenye siku iliyoitwa Fainali Nyingine, wakaungana na mama na jamaa za waliopotezwa. Hawakulazimishwa na mtu.

Waliostahili kuulizwa ni wenye ratiba na wenye hundi. Lacoste alipanda cheo: mwishoni mwa 1981 alishika urais wa Argentina kwa siku chache, na aliwahi pia kuwa mmoja wa makamu wa rais wa FIFA chini ya João Havelange. Dakika 45 za Rosario hazikuzibwa. FIFA ilikwenda Hispania mwaka 1982 na ratiba yenye tundu lilelile. Juni 24 Algeria waliifunga Chile 3-2 na kumaliza mechi zao za kundi wakiwa na ushindi mara mbili, mmoja ukiwa dhidi ya Ujerumani Magharibi. Kesho yake mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria waliingia uwanjani wakijua kwamba 1-0 ya Wajerumani inawavusha wote wawili. Bao lilifungwa dakika ya 10, na dakika 80 zilizobaki wakapasiana. Algeria walipanda ndege kurudi nyumbani. Kuanzia Mexico 1986, mechi za mwisho za kila kundi zinaanza kwa wakati mmoja.